Kipepeo wa Mvua na wa Kiangazi

Juzi jirani yangu hapa Ndosho, mjini Goma, aliita vijana wamng'olee uzio wa miti ili ajenge ukuta wa mawe. Walikuja asubuhi na mapanga, wakaanza kufyeka huku wakicheka, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nguo. Hawakufika mbali, harufu ikanifikia. Ni harufu ya dawa, kali kidogo, ya jani bichi lililosagwa kiganjani. Nikasimama na povu hadi kwenye viwiko, na kwa muda nikawa siko Ndosho tena.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa volkano mnaujua mmea huo, hata kama hamjui jina lake. Majani mapana, laini kama sikio la mbuzi, na maua ya zambarau. Wazazi wetu waliupanda kuzunguka choo kwa sababu unashika haraka na haubagui udongo. Kazi yake nyingine ya chooni sitaieleza, maana nyote mmeshaifanya. Ninachotaka kueleza ni kwamba mmea huo ulikuwa pia chakula cha watoto wa kipepeo, na kwamba nilipokuwa mdogo nilijifunza kwa kipepeo huyo jambo moja ambalo niliamini kabisa, na halikuwa kweli.

Tulikaa Kibati, kando ya barabara inayopanda kwenda Rutshuru. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imesimamishwa juu ya mawe ya volkano, na mbele yake mama alikuwa na meza ya vitunguu. Baba alikuwa amekwenda Butembo kununua mzigo, vita vikakata barabara nyuma yake, akabaki huko. Kwa hiyo tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Paluku na mimi, Kahindo. Mama alikuwa mwanamke wa Butembo kweli kweli. Hakukaa bure hata akiwa na homa, na hakumsifu mtu usoni. Ukimletea habari njema alikuuliza kwanza kama umeshaosha sahani.

Nyuma ya nyumba nyasi zilianza, na zilipanda moja kwa moja kuelekea kwenye mlima wenye moshi. Ardhi ile ilikuwa lava ya zamani, imevunjika ikawa mawe meusi yenye matundu, na kati ya mawe nyasi zilitufikia magotini. Hapo ndipo walipoishi vipepeo wetu. Wakati wa mvua walikuwa wekundu, wekundu wa tofali lililotoka tanurini, na madoa meusi na ukingo mweusi kwenye mabawa. Walikuwa wakubwa na hawakuwa na haraka. Dume alichagua jiwe lililoinuka kuliko mengine, akakaa juu yake akifungua na kufunga mabawa taratibu, na yeyote aliyekatiza mbele yake alimfukuza, awe kipepeo mwenzake, awe nzi, awe hata ndege mdogo. Akishamfukuza alirudi palepale, kwenye jiwe lake.

Paluku alimwita komanda. Kaka yangu alikuwa amenizidi miaka michache tu, lakini kwa mambo ya vita alijifanya mzee. Kila asubuhi alikwenda kusimama na wanaume barabarani, akarudi kutuambia nani ameshika kilima gani, nani amekiachia, na wale waliovaa hivi wamefukuzwa na wale waliovaa vile. Wakati ule hatukuwa na mchezo mwingine wa kushangilia. Watoto wa mahali pengine walijua majina ya wachezaji wa mpira, sisi tulijua majina ya vilima.

Uwera na mama yake walifika msimu wa mvua, mchana, wakati mama anafunika vitunguu kwa turubai. Barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani, wote wanateremka kuelekea Goma. Wengi walipita. Mwanamke mmoja alisimama kwenye meza yetu, ana mtoto mgongoni, na kando yake msichana wa umri wangu aliyekumbatia sufuria, mfuniko umefungwa kwa kitambaa. Hakuomba kitu. Alisimama tu, maji yanamtiririka usoni.

"Muingie," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayegomba. "Munalowana bule."

Nyumbakumi wetu, yaani mzee aliyesimamia nyumba zile za jirani, alikuwa anapita, akasaidia kuingiza godoro lao. Mama Uwera na kitoto chake wakapewa jiko la nje, ambalo lilikuwa na paa zuri. Uwera akapewa nusu ya kitanda changu.

Walikuwa wametoka upande wa Rutshuru. Njiani risasi zililia, watu wakatawanyika, na baba yake Uwera akarudi nyuma mbio kumfungua ndama aliyekuwa amefungwa mtini. Alisema anakuja sasa hivi. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Uwera alinieleza hayo siku ya kwanza, bila kulia, kama mtu anayekueleza ameacha wapi viatu vyake. Kila jioni alikwenda kusimama kando ya meza ya vitunguu, akitazama barabara inakotoka, mpaka mama amwite kula.

Walikuwa watu wa Kinyarwanda, na sisi wa Kinande. Kati ya watoto jambo hilo lilikuwa dogo, tuliongea Kiswahili na tukacheka kwa Kiswahili. Lakini waliokuwa wakipigana upande wa kaskazini, watu walisema, wanasema Kinyarwanda. Basi barabarani petu yeyote mwenye lugha hiyo alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni, hata kama amekuja amebeba sufuria. Mama akatuweka kitako sisi watatu, Paluku, Uwera na mimi.

"Ndani ya nyumba, Uwera ni Uwera," akatuambia. "Ku barabara, musimuite jina kwa sauti. Munasikia? Ile jina inaonyesha kwenye alitokea."

Tukasikia. Barabarani nilimwita "weye" tu, na yeye akageuka.

Mvua zikaisha. Nyasi zikakauka, zikawa za manjano, usiku baridi ya mlimani ikaingia hadi chini ya blanketi. Asubuhi moja tulipanda mteremkoni kukata nyasi za kutandika jikoni kwa mama Uwera, na juu ya jiwe la komanda tukamkuta mwingine. Huyu alikuwa wa buluu. Buluu iliyokolea, karibu na nyeusi, na mstari wa madoa mekundu umepita kwenye mabawa yake. Tukatafuta wekundu wote wako wapi. Tulizunguka mawe mpaka jua likawa kali, hatukuona hata mmoja. Kila aliyepaa alikuwa wa buluu.

Tulipomwambia Paluku hakushangaa hata kidogo.

"Bekundu balifukuzwa," akasema. "Sasa ba bleu ndio bameshika kilima. Ni vile tu. Bageni banaingia, benye inchi banatoka."

Alisema bila ubaya, kama alivyosema habari zote za vilima. Lakini Uwera aliangalia chini, na mimi nikaona haya bila kujua ya nini. Wekundu walikuwa wetu. Niliwahurumia. Niliwachukia wale wa buluu na uzuri wao.

Siku chache baadaye Uwera aliniita juu mteremkoni. Alikuwa amelala kifudifudi mbele ya jiwe kubwa lenye tundu, moja ya yale matundu ya lava ambayo mkono unaingia wote. Akaniambia nichungulie. Sikuona kitu, majani makavu tu yaliyobanana kwenye dari ya tundu. Uwera akaingiza kidole, akagusa jani moja, na jani likafunguka likawa buluu. Kisha la pili, kisha yote. Walikuwa vipepeo, kundi zima, wamejikunja kwa baridi, mabawa yamefungwa, upande wa nje una rangi ya jani lililokufa. Walipepesuka nyusoni mwetu, wengine wakatoka, wengine wakarudi kujibana palepale.

"Paluku anadanganya," Uwera akasema. "Mutu mwenye ameshika kilima, juu ya nini alale mu tundu? Labda na bo balikimbia."

Nilipompelekea Paluku swali hilo, alifikiri muda mrefu, akasema ni mbinu.

Mvua za kwanza ziliporudi, uzio wa choo ulichipua majani mapya. Asubuhi jua likitoka kidogo, kipepeo wa buluu alikuja kwenye uzio huo. Alikuwa jike, mabawa yamechakaa, ncha ya bawa moja imekatika. Alitua kwenye jani changa, akakunja tumbo, akaacha yai moja, akaenda jani jingine. Moja hapa, moja pale, kama mwanamke anayepanda maharage. Alipomaliza aliruka juu ya paa, akaenda zake, hakugeuka kutazama.

Wazo la kuwafuga lilikuwa la Uwera. Lililonisukuma mimi lilikuwa ushindani, nilitaka kumshinda Paluku kwa kitu ambacho yeye hakukijua. Tulikata bidoni la njano la kuchotea maji, lililotoboka, tukaweka ndani matawi yenye mayai, tukafunika kwa kipande cha chandarua. Viwavi walitoka wadogo kama uzi, wakakua wakawa weusi, wenye miiba mwilini kote, wabaya wa kutazama. Walikula! Usiku ukitega sikio ulisikia wanavyotafuna. Kila siku tuliwaletea majani mapya kutoka kwenye uzio uleule, mpaka uzio ukaanza kuonyesha aliyeko chooni na mama akatupigia kelele. Kisha mmoja mmoja wakapanda juu, wakajining'iniza kichwa chini, wakavua ngozi yenye miiba, wakabaki kama vifuko vidogo vya kahawia vyenye ncha zinazong'aa.

Wa kwanza alitoka asubuhi ya mvua. Alikuwa amekunjamana, amelowa, anatetemeka. Tulichuchumaa mbele ya bidoni. Mabawa yakanyooka polepole, na yalipokauka tukaona rangi.

Alikuwa mwekundu.

Nilimwita Paluku kwa kelele iliyomfanya mama aangushe kikapu. Akaja, akatazama, akasema tumebadilisha mayai. Tukamwapia. Siku iliyofuata akatoka mwingine, mwekundu, na baadaye wengine, wekundu wote. Watoto wa yule jike wa buluu. Hakukuwa na vita mteremkoni, hakuna aliyefukuzwa, ni watu walewale. Ukubwani nilisoma kwamba ni kweli, ni aina moja ya kipepeo wa nyasi: kiwavi aliyekulia baridini na ukavuni anatoka wa buluu, aliyekulia mvuani na jotoni anatoka mwekundu. Paluku alinyamaza siku nzima. Kwa kaka yangu, hiyo ilikuwa sawa na kulia hadharani.

Lakini mimi sikuishia hapo. Kichwa changu cha mtoto kikaendelea na safari peke yake. Yule kipepeo mama alikuwa wa buluu na alibaki wa buluu mpaka mwisho, sivyo? Lakini watoto wake walikula majani ya uzio wetu, wakanyeshewa na mvua yetu, wakatoka na rangi ya kwetu. Basi Uwera, aliyekula fufu ya mama yangu tangu mvua zile mpaka mvua hizi, na kulala kwenye kitanda changu, naye alikuwa njiani kugeuka. Mama yake asingeweza, yeye alikwisha kukomaa. Lakini Uwera alikuwa bado mtoto. Niliamini kabisa kwamba mvua zikikolea, ataamka siku moja ni Mnande. Nilimchunguza kila asubuhi kabla hajafumbua macho.

Ningesubiri kwa raha zangu kama nyumbakumi asingekuja. Alikuja saa ya kupika, akakaa kwenye kigoda, akashika kofia kwa mikono miwili.

"Mama Paluku," akasema, "ndani ya juma iyi tutapita nyumba kwa nyumba na basoda ba jeshi. Mugeni mwenye hajulikane atashuka ku kambi. Haitoke kwangu. Bakubwa ndio balisema."

Kambi ilikuwa chini ya barabara, mahema ya plastiki juu ya mawe matupu. Tuliijua. Mwezi ule ugonjwa wa kuhara uliingia huko, na kila tulipopita kuchota maji tuliona watu wamebeba kitu kidogo kilichofunikwa kitenge, wakienda kuzika. Kitoto cha mama Uwera kilikuwa na kikohozi tayari. Nyumbakumi alipoondoka, mama alirudi kwenye moto. Alikoroga sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nje, mlangoni pa jiko, mama Uwera alikuwa ameshaanza kukunja nguo.

"Acha kwanza," mama akamwambia. "Bado hawajafika."

"Mama Paluku, sitaki bakuletee shida."

"Shida yangu naijua mwenyewe. Weka hizo nguo."

Lakini sauti yake ilikuwa na woga, na mimi sikuwahi kusikia woga kwa mama. Niliogopa kwa sababu yeye aliogopa. Usingizi ukanitoka, nikamwona Uwera ndani ya plastiki ile, na asubuhi nikaanza kazi. Kama kugeuka kwake kulichelewa, mimi nitamharakisha.

Nikampa jina la Kavira. Nilikuwa na binamu wa jina hilo Butembo, mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo jina lilikuwa na mahali pa kuegemea. Nikamfundisha kusalimia kwa Kinande asubuhi na mchana. Nikamfundisha kushukuru, "wasingya," na kuinama kidogo akisema. Nikamfundisha majina ya babu zangu na kijiji chao. Uwera alikuwa na akili nyepesi, alishika yote kwa haraka, na nilifurahi kwa sababu niliona mambo yanakwenda kama kwenye bidoni. Sikuona kwamba yeye hakufurahi. Alirudia maneno yangu macho yako barabarani.

Walikuja mchana, nyumbakumi na askari mmoja. Mama Uwera alikuwa jikoni na mtoto, mlango umerudishwa. Sisi tulikuwa mbele, kwenye meza. Askari hakutusalimia. Alichagua kitunguu, akakimenya kwa kucha, akaanza kukila kibichi.

"Hapa kuko batu gani?" akauliza.

Mama alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimejiandaa siku nyingi.

"Papa, huyu ni Kavira," nikamwambia nyumbakumi, nikimshika Uwera mkono. "Mutoto wa mama mukubwa wa Butembo. Iko na mama yake na mutoto mudogo."

Nyumbakumi akamtazama Uwera. Alimjua vizuri. Yeye ndiye aliyebeba godoro lao siku ile ya mvua. Alijua wametoka wapi, alijua na mimi najua kwamba anajua. Akageukia askari.

"Ni familia," akasema. "Balitoka Butembo." Kisha akainama kwa Uwera, akaongea polepole, kama mtu anayempa mtoto kikombe kilichojaa. "Si ni vile, Kavira? Sema tu ndiyo, twende zetu."

Sasa nikiwa mtu mzima naona alichofanya mzee yule. Alikuwa ametufungulia mlango, na kama askari angegundua, mlango huo ungemwangukia yeye. Ilibaki neno moja tu.

"Hapana, papa," Uwera akasema. "Miye ni Uwera."

Nilimfinya mkono. "Sema Kavira!"

"Miye ni Uwera," akarudia. "Papa yangu atapita hapa. Atauliza nyumba kwa nyumba, Uwera iko hapa? Mukisema hapa kuko Kavira tu, ataendelea na njia yake. Hataniona tena."

Mimi, mpumbavu mdogo, nilikuwa bado sijasalimu amri. Nilimnong'oneza kwamba hata vipepeo wamegeuka, tena ni yeye aliyewaona wa kwanza.

"Kipepeo haiko na papa mwenye kuitafuta," akanijibu kwa sauti, mbele ya wote, na akaanza kulia. Tangu afike kwetu sikuwahi kumwona analia.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama Uwera akatoka na mtoto mgongoni, akasimama, tayari kwenda atakakopelekwa. Askari alikuwa ameacha kutafuna. Alimwuliza Uwera baba yake alibaki wapi, na Uwera akamweleza habari za risasi na ndama. Nyumbakumi alimtazama mama.

"Mama Paluku. Sasa?"

Mama alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Umesikia weye mwenyewe," akasema. "Hapa kuko Uwera. Analala na Kahindo, anakula mu sahani yangu. Kama ni kushuka ku kambi, tutashuka naye sisi bote, na bitunguu yangu. Mutanisaidia kubeba meza."

Nilidhani tumekwisha. Nyumbakumi aliangalia kofia yake. Askari alitazama barabara ya kaskazini, kwa muda, kama kwamba ndama yule angeweza kutokea. Kisha akaokota kitunguu kingine, akakitia mfukoni.

"Tuendelee," akamwambia mzee. "Nyumba ingali mingi."

Wakaenda. Sijui kwa nini alituacha, na sitasingizia kwamba najua. Labda aliguswa, labda alichoka, labda vitunguu vya mama vilikuwa vitamu. Mama Uwera alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Uwera hakuzungumza nami mpaka kesho yake, na nilistahili. Wale wekundu wa mwisho waliokuwa bado kwenye bidoni niliwafungulia peke yangu.

Asubuhi iliyofuata lori lilikuja kutoka Goma, moja ya yale machache yaliyothubutu kupanda. Lilipunguza mwendo mbele yetu kwa sababu ya mashimo. Mama alikuwa anapanga vitunguu. Aliacha alichoshika, akaenda hadi katikati ya barabara, akainua mkono, na dereva akatoa kichwa nje.

"Chofere!" mama akaita. Akaita tena, safari hii kwa sauti yake ya sokoni, ile ya kuitia wateja kutoka mbali. "Ukifika kule juu, sema hivi kwa batu: Uwera iko Kibati! Kwa Mama Paluku wa bitunguu! Umesikia? Uwera!"

Majirani waligeuza vichwa. Wengine walianza kununua vitunguu kwingine tangu siku hiyo, na mama aliona, akanyamaza, akaendelea. Pikipiki ikipita, aliita. Basi dogo likipita, aliita. Mwanamke akishuka na mzigo wa maharage, mama alimsimamisha na kumwambia. Jina lile alilotukataza kulisema barabarani sasa lilipanda na kushuka na magari kutwa nzima, na Uwera alisimama kando yake akilisikiliza. Tukazoea hata tukaanza kuita naye, mimi kwanza, halafu Paluku, ambaye alikuwa na sauti kubwa kuliko sisi wote.

Mvua zilikuwa zimekolea, mteremko wote umejaa wekundu, alipokuja mtu mmoja mwembamba, amevaa koti la mvua lililochanika, na fimbo mkononi. Alisimama pembeni ya meza, akangoja wateja wamalize. Mama alidhani anataka kununua, akamwuliza anataka fungu kubwa au dogo. Mtu yule akavua kofia.

"Mama," akasema, "nasikia hapa kuko Uwera."